Maswali ya Wasomaji: Maabara mbili zenye ithibati, majibu mawili

Barua za safari hii zinahusu majaribio ya umahiri, yaani yale ambayo mratibu mmoja husambaza sampuli ileile kwa maabara nyingi, kila moja ikapima kwa njia yake, kisha majibu yote yakalinganishwa. Watu wa maabara huyaita PT tu. Tumechagua barua nne, na kwa kuwa tatu kati ya hizo zinatokana na biashara ya mahindi, mifano yetu yote itakuwa ya sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye nafaka.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mfanyabiashara wa mahindi katika soko la Kibaigwa. Nilipeleka sampuli ya shehena yangu katika maabara yenye ithibati, nikapewa cheti kinachosema sumukuvu jumla ni mikrogramu 8.1 kwa kilo, chini ya kikomo cha 10. Mnunuzi wangu aliyeko Kenya alipima upya katika maabara nyingine, nayo ina ithibati, akapata 10.9, na lori likakaa Namanga siku nne. Nilipolalamika, kila maabara ilinionyesha ripoti yake ya jaribio la umahiri la duru ileile, ambazo nakala zake naambatanisha. Yangu ina alama z ya 0.3 na ile ya mnunuzi ina 1.6. Nimeambiwa kwamba aliye karibu na sifuri ndiye bora. Je, ninaweza kudai kwamba maabara ya mnunuzi ndiyo iliyokosea?

JIBU: Pole kwa siku hizo nne, ambazo kwa gharama ya lori peke yake zinatosha kula faida ya magunia mengi. Kwa ufupi, alama hizo mbili hazikupi haki ya kudai hivyo. Ili uone kwa nini, inabidi tuifungue alama z tutazame imetengenezwa kwa vitu gani.

Mratibu wa jaribio husaga mahindi hadi yawe unga laini, huyachanganya mpaka kila pakiti ifanane na mwenzake, hupima pakiti chache ili kuthibitisha kwamba kweli zinafanana, kisha huzituma kwa maabara zilizojiandikisha, kila moja ikijulikana kwa namba ya siri. Majibu yakirudi, hutafuta thamani rejea, ambayo mara nyingi ni wastani wa majibu ya wote, uliokokotolewa kwa namna ambayo jibu moja la ajabu haliwezi kuuvuta. Halafu huchukua jibu la kila maabara, hutoa thamani rejea, na tofauti inayobaki huigawa kwa mtawanyiko ambao jaribio limeamua kuwa unakubalika. Matokeo ya kugawa huko ndiyo alama z. Katika ripoti ulizotutumia, thamani rejea ilikuwa 12.0 na mtawanyiko uliowekwa ulikuwa 2.64. Maabara yako ilijibu 12.8, ikapata 0.3, na ya mnunuzi ilijibu 16.2, ikapata 1.6.

Ukiitazama hiyo 2.64 utagundua kuwa ni asilimia 22 ya 12.0, na asilimia hiyo haikuokotwa njiani. Mwaka 1980 mkemia wa Marekani William Horwitz, aliyekuwa katika mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo, alichapisha jambo ambalo bado linawashangaza wanafunzi: baada ya kukusanya matokeo ya majaribio mengi yaliyoshirikisha maabara mbalimbali, aliona kwamba kadiri kitu kinachopimwa kinavyokuwa kidogo ndani ya sampuli, ndivyo majibu ya maabara yanavyozidi kutawanyika, karibu bila kujali ni kitu gani au kimepimwa kwa mbinu gani. Miaka 20 baadaye Mwingereza Michael Thompson alionyesha kwamba chini ya mikrogramu 120 kwa kilo mtawanyiko huo hauendelei kukua, bali hutulia kwenye asilimia 22 hivi. Sumukuvu katika mahindi ya biashara iko chini kabisa ya hapo. Kwa hiyo asilimia 22 ndicho kiasi ambacho maabara zinazofanya kazi yake vizuri hutarajiwa kutofautiana, na ndicho kipimo ambacho alama z inakitumia kama urefu wa pima moja.

Alama isiyozidi 2, iwe ya kujumlisha au ya kutoa, huhesabiwa kuwa ya kuridhisha. Kati ya 2 na 3 ni onyo. Kuanzia 3 maabara inapaswa kuchukua hatua. Alama ya 0.3 na ya 1.6 zote zimo ndani ya eneo la kuridhisha, na ndani ya eneo hilo hakuna wa kwanza wala wa pili, kwa sababu maabara ileile ikipewa pakiti nyingine mwezi ujao inaweza kupata 1.4 pale ilipopata 0.3 bila chochote kubadilika katika utendaji wake. Sisi tuliolelewa katika shule za kupangwa namba darasani, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, ni vigumu kuisoma orodha ya alama bila kuipanga. Hata hivyo, mwongozo wa majaribio ya umahiri uliotolewa mwaka 2006 chini ya IUPAC, umoja wa kimataifa wa wakemia, hauungi mkono kuzipanga maabara kwa namna hiyo.

Sasa tuje kwenye 8.1 na 10.9. Tuchukulie kwamba ulisaga mahindi yako yote, ukayachanganya vizuri, ukagawa unga huo mafungu mawili na kupeleka moja kila maabara. Wastani wa majibu yao ni 9.5, na asilimia 22 yake ni karibu 2.1. Kanuni ya takwimu ni kwamba majibu ya maabara mbili yanaweza kupishana hadi mara 2.8 ya mtawanyiko huo, na katika jozi 100 za namna hiyo ni takribani tano tu zitakazovuka mpaka huo. Mara 2.8 ya 2.1 ni karibu 5.9. Maabara zako mbili zimepishana kwa 2.8 tu, chini ya nusu ya kile ambacho kingeweza kutokea siku ya kawaida baina ya maabara mbili zisizo na kasoro yoyote. Wafanyabiashara wengi wakisikia hesabu hii hukasirika, nami siwalaumu, kwa sababu walilipia namba moja wakaamini wamenunua ukweli mmoja.

Lakini hamkugawa unga uliochanganywa. Ninyi mlichoma magunia kwa bambo Kibaigwa, na wao wakachoma kwa bambo lao Namanga. Hapo ndipo penye tatizo kubwa zaidi, na ndipo ambapo jaribio la umahiri halifiki kabisa. Kuvu haienei sawasawa ndani ya shehena. Punje nyingi sana huwa safi, na chache zilizotobolewa na wadudu au zilizolowana hubeba karibu sumu yote. Tuseme punje moja ya gramu 0.3 ina mikrogramu 40,000 kwa kilo. Ndani yake kuna mikrogramu 12. Ikiingia katika kilo moja ya mahindi mengine yasiyo na sumu hata kidogo, kilo hiyo itasoma 12 na kukataliwa, na bambo likipita sentimita moja pembeni ya punje hiyo, kilo itasoma sifuri. Ndiyo maana taratibu za Umoja wa Ulaya kwa shehena kubwa za nafaka zinadai michomo 100 na sampuli ya jumla ya kilo 10, isagwe na kuchanganywa kabla ya kuchukua ile gramu 25 au 50 inayoingia katika kipimo. Ukiniuliza pesa yako ya ziada iende wapi, iende kwenye michomo mingi na kwenye kusaga, kabla ya kwenda kwa maabara ya tatu.

Jambo la kufanya kabla ya shehena ijayo ni kukubaliana na mnunuzi kwa maandishi. Mkubaliane nani atachukua sampuli na kwa michomo mingapi. Mkubaliane kwamba sampuli itasagwa yote na kugawanywa mafungu matatu, moja lako, moja lake, na moja litiwe lakiri na kuhifadhiwa. Na mkubaliane majibu yakigongana, fungu la tatu litapimwa na maabara ipi. Kisha muulize kila maabara kanuni yake ya uamuzi, yaani jibu likiwa karibu na 10 wao hutamkaje kama limefaulu au limeshindwa, na je, huhesabu mashaka ya kipimo, yaani kiasi ambacho jibu linaweza kuzidi au kupungua, au hawayahesabu. Kiwango cha kimataifa cha maabara, ISO/IEC 17025 cha mwaka 2017, kinazitaka zikubaliane nawe kuhusu kanuni hiyo mapema pale unapoomba cheti kitamke kufaulu au kushindwa.

Wala usiione Kenya kuwa inakuonea. Mwaka 2004, katika wilaya za mashariki ya nchi hiyo, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu na 125 wakafa. Machi 2021 mamlaka ya kilimo ya nchi hiyo ilisimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyohiyo, kisha ndani ya siku chache ikayaruhusu kwa sharti la cheti cha kuonyesha kwamba sumukuvu iko chini ya mikrogramu 10 kwa kilo. Kikomo hicho ndicho kilicho katika kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi, pamoja na kingine cha mikrogramu 5 kwa ile aina kali zaidi inayoitwa B1. Je, cheti chako kilitaja B1? Katika nakala uliyotuma sikuiona, na mnunuzi makini angeiuliza.

SWALI: Mimi ni fundi sanifu wa maabara katika kanda ya Ziwa. Katika duru ya karibuni tulipata alama z ya −2.3 kwa sumukuvu jumla. Mkuu wangu amesema ripoti ifungiwe kabatini, na duru ijayo tupigie simu maabara rafiki tulinganishe majibu kabla ya kuyatuma. Anasema wakaguzi wa ithibati wakiiona hiyo alama watatufungia. Nifanye nini?

JIBU: Nianze na simu, maana hiyo ndiyo itakayowafungieni. Kulinganisha majibu kabla ya kuyatuma ni udanganyifu, na waratibu wanaofuata kiwango cha ISO/IEC 17043 wana utaratibu wa kuushughulikia. Tena ni udanganyifu usio na faida, kwa kuwa maabara rafiki ikiwa imekosea, mtakosea pamoja, na ninyi mtakuwa mmelipia jaribio ili mjue maabara nyingine imepata nini.

Kuhusu kabati, mkuu wako ameelewa wakaguzi kinyume. Mkaguzi hatishwi na alama ya −2.3. Hata maabara isiyo na kasoro, ambayo mtawanyiko wake ni sawasawa na ule uliowekwa, huvuka 2 karibu mara tano katika kila alama 100, na kuvuka 3 mara tatu hivi katika alama 1,000. Maabara inayopima aina nne za sumukuvu, yaani B1, B2, G1 na G2, pamoja na jumla yake, duru nne kwa mwaka, inakusanya alama 20, kwa hiyo onyo moja kwa mwaka ni jambo la kutarajiwa. Kinachomtisha mkaguzi ni onyo lisilo na karatasi nyuma yake, yaani hakuna aliyeuliza kilichotokea, hakuna aliyepima tena, hakuna aliyeandika.

Sasa tuitazame namba yenyewe, kwa sababu alama z ya sumukuvu ina tabia ya kutoboa siri ya kosa lililoizaa. Mtawanyiko uliowekwa ukiwa asilimia 22, jibu ambalo ni nusu kamili ya thamani rejea hutoa −2.27. Kila nikikuta alama iliyo karibu na −2.3, kitu cha kwanza ninachokitafuta ni mara mbili iliyosahaulika. Fungua daftari la siku hiyo. Mlipima gramu ngapi za unga, mkatia mililita ngapi za methanoli na maji, mkachukua kiasi gani cha mchujo, mkakizimua kwa kiasi gani kabla ya kukipitisha kwenye safuwima ya kingamwili, na mkakitoa kwa mililita ngapi? Zidisha mwenyewe kwa kalamu, usitegemee jedwali la kompyuta, kwa sababu mara nyingi kosa limo ndani ya jedwali lenyewe: mtu alibadilisha gramu 50 kuwa 25 mezani, ila kisanduku kule kwenye jedwali hakikubadilishwa. Kosa la namna hiyo likielekea upande wa pili, yaani jibu likiwa mara mbili, alama ingekuwa +4.5. Na kwa mtawanyiko huo hakuna awezaye kushuka chini ya takribani −4.5, kwa sababu hata anayejibu sifuri huishia hapo. Ukiona maabara imepata −4.5, mara nyingi imekosea kizio au haikuona kitu kabisa.

Hesabu ikiwa safi, nenda kwenye mchanganyiko wa kulinganishia, yaani ule wenye kiasi cha sumu kinachojulikana. Kizibo kisipobana, kimiminika hupungua taratibu ndani ya friji, sumu iliyobaki chupani inakuwa nzito kuliko lebo inavyosema, na kila sampuli inayolinganishwa nayo inasoma chini. Hili lilinipata mwenyewe nilipokuwa bado benchini. Tuliandama mashine wiki mbili, tukabadilisha taa ya kifaa cha kugundua mng'ao, tukamwita fundi kutoka Nairobi, na kumbe chupa ndogo iliyokuwa na alama ya kalamu kwenye kimo cha kimiminika ilikuwa imeshuka upana wa ukucha chini ya alama. Tangu siku ile nachora alama kwenye kila chupa, na napima uzito wake kabla na baada ya kuifungua.

La tatu ni urejeshaji. Mkitia kiasi kinachojulikana cha sumu katika mahindi safi, mnakirudisha chote au sehemu? Maabara inayorejesha asilimia 75 na isiyosahihisha jibu lake, pale penye 10 itaandika 7.5 na kupata alama ya −1.1. Alama hiyo inapita, lakini ongeza kosa jingine dogo juu yake na utakuwa umefika kwenye onyo. Msome pia maelekezo ya mratibu, kwa sababu baadhi huagiza majibu yatumwe yakiwa yamesahihishwa na wengine huagiza kinyume.

Mkuu wako mwambie hivi kwa heshima: tukiandika tulichokitafuta, tulichokikuta na tulichokirekebisha, kisha tukapima pakiti iliyobaki ya duru ileile na jibu likarudi mahali pake, mkaguzi atakuwa na kurasa mbili za kumridhisha. Pakiti hizo huuzwa pia na waratibu baada ya duru kwisha, na hakuna sampuli bora kuliko hiyo ya kumfunzia fundi mpya.

SWALI: Bwana Mhariri, mimi ni afisa wa ubora katika kiwanda cha unga mjini Thika. Tunataka kuchagua maabara moja ya nje kati ya tano. Nimeomba kila moja inipe alama zake za duru tano zilizopita, nimezitafutia wastani, na nimepata maabara moja yenye wastani wa sifuri. Je, ndiyo tuichukue?

JIBU: Kabla ya kuichukua, itazame tena. Maabara iliyopata +2.9 duru moja na −2.9 duru inayofuata ina wastani wa sifuri pia, lakini mimi nisingeipelekea hata gunia moja. Wastani wa alama z hufuta makosa kwa kuyagonganisha. Wapo wanaotupa ishara za kujumlisha na kutoa kisha wakatafuta wastani, na hao wanapoteza jambo lingine, nalo ndilo lenye thamani kuliko yote kwako: upande ambao maabara inaegemea.

Nimechukua maabara mbili kutoka katika orodha uliyotuma, nami nitaziita Kushoto na Kulia. Kushoto ilipata 1.2, 1.5, 1.1, 1.6 na 1.4. Kulia ilipata 0.4, −1.7, 1.2, −0.9 na 1.5. Hakuna alama hata moja iliyovuka 2, na ukizisoma duru moja moja utasema zinalingana; pengine utaipendelea Kushoto kwa kutulia kwake. Sasa zijumlishe na ugawe kwa kipeuo cha pili cha tano, ambacho ni 2.24. Kushoto inapata 3.0 na Kulia 0.2. Namba hiyo husomwa kama alama z ya kawaida, na 3.0 maana yake ni kwamba bahati peke yake haiwezi kueleza alama tano zote kuangukia upande mmoja kwa umbali huo. Kulia inayumba kama inavyotarajiwa. Kushoto ina mwegemeo: wastani wake ni 1.36, na kwa mtawanyiko wa asilimia 22 hiyo ni sawa na kusoma juu kwa takribani asilimia 30 kila mara. Mahindi yenye 8 kweli yatasomeka 10.4, nawe utayarudisha kwa mkulima ambaye hakuwa na kosa.

Uigeuze picha hiyo. Maabara inayoegemea chini kwa kiasi hichohicho itayasoma mahindi yenye 13 kuwa 9.1, yatapita, na yatakuwa ugali. Na hapa niseme jambo ambalo wenzangu hawapendi kuliandika: maabara ya namna hiyo haikosi wateja. Wasafirishaji huijua kwa uzoefu bila kuwa wamewahi kuona alama z hata moja, kwa sababu huko shehena zao hazikwami. Ukisikia sokoni kwamba maabara fulani "haina matatizo", omba alama zake pamoja na ishara zake.

Kabla ya kuziweka maabara tano katika jedwali moja, hakikisha pia alama zao zinatokana na fimbo moja. Si kila mratibu hutumia asilimia 22. Wapo wanaochukua mtawanyiko wa washiriki wenyewe wa duru hiyo. Ikiwa thamani rejea ni 10 na washiriki wametapakaa kwa asilimia 40, maabara iliyojibu 15 itapewa 1.25 na kusifiwa. Jibu hilohilo katika jaribio lenye asilimia 22 lingepewa 2.3 na kuonywa. Hali kadhalika thamani rejea: ikiwa imetokana na makubaliano ya washiriki 12 ambao 10 kati yao wanatumia kifurushi cha aina moja cha kupimia kwa haraka, maabara mbili zenye mashine ya kromatografia zinaweza kuonekana zimepotoka ilhali ndizo zilizokuwa karibu na ukweli. Ripoti kamili husema thamani rejea imepatikanaje na washiriki walitumia mbinu zipi. Ombeni ripoti kamili. Ukurasa mmoja wenye alama iliyozungushiwa duara haunisaidii mimi wala ninyi.

Mwisho, wekeni jaribio lenu wenyewe. Sageni kilo 10 za mahindi yenu, mchanganye, na kila baada ya miezi mitatu mpeleke fungu dogo kwa maabara mliyoichagua likiwa na jina la shehena ya kawaida. Pakiti ya mratibu kila mtu maabarani huijua inapoingia mlangoni, nayo hupewa fundi hodari zaidi, asubuhi, mashine ikiwa imetoka kusafishwa. Pakiti yenu itapimwa Ijumaa jioni kama nyingine zote.

SWALI: Nina duka la jumla la vyakula Unguja. Je, haitoshi tu kuona nembo ya ithibati kwenye cheti? Mambo ya alama z si yangu.

JIBU: Inatosha kwa kiasi, mradi usome nembo hiyo imefunika nini. Ithibati hutolewa kwa vipimo vilivyotajwa, haitolewi kwa jengo. Maabara inaweza kuwa na ithibati ya maji na ya madini katika udongo, huku kipimo chake cha sumukuvu hakimo, au kimo kwa karanga tu. Kila cheti cha ithibati kina jedwali la upeo, na vyombo vinavyotoa ithibati, kama KENAS ya Kenya au SADCAS yenye makao Gaborone ambayo inaihudumia Tanzania pia, huliweka wazi kwa yeyote anayetaka kulisoma. Tafuta mistari mitatu: bidhaa, kitu kinachopimwa na mbinu. Ukikuta "mahindi", "sumukuvu jumla na B1" na mbinu iliyotajwa kwenye cheti chako, maabara hiyo inalazimika kushiriki majaribio ya umahiri ya kipimo hicho pale yanapopatikana, na hapo swali moja la simu linakutosha: katika duru nne zilizopita, alama zenu zilikuwa ngapi, na za upande gani? Maabara nzuri itakujibu palepale.